Jina Lisilokuwemo Daftarini

Usingizi unamkuta Mwalimu Priska Mbaga kitini, saa saba mchana, daftari la majina ya wanafunzi likiwa wazi mapajani na homa imempanda tangu asubuhi. Hakupanga kulala. Ni mwaka wa kumi na moja huu tangu kanisa la kwao Upare limvushe Ziwa Tanganyika na kumpeleka Kongo, aanzishe shule ya wasichana pale misheni ya Lusenga, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona amefumba macho wakati wa kazi isipokuwa kwa sala, na hata sala zake ni fupi. Leo kope zimemshinda. Kinachomlemea si homa peke yake.

Jumanne alifika mwanamke mmoja, miguu imejaa vumbi jekundu mpaka magotini, mkononi ana kifurushi cha jani la mgomba. Alisema, niko natafuta mutoto wangu, mama, jina yake Asende, waliniambia iko hapa kwenu anasoma. Mwalimu alikuwa na karatasi za mtihani mezani na haraka yake ya kila siku. Akalamba kidole, akafungua daftari, akashuka na majina kutoka juu mpaka chini, Abigaeli, Ana, Damari, Dorkasi, akafika mwisho, akasema hapa hakuna mtoto wa jina hilo. Hakuna? Hakuna. Mwanamke akasimama kidogo, akainama kwa heshima, akaondoka na kifurushi chake kama alivyokuja. Sasa, hapo Lusenga kuna sheria, na aliyeitunga ni Mwalimu Priska mwenyewe: kila msichana anayeingia, Jumapili yake ya kwanza hupewa jina la mwanamke wa kwenye Biblia, kwa kufuata alfabeti, na jina la nyumbani haliandikwi popote. Anayesikika akimwita mwenzake kwa jina la nyumbani husugua masufuria wiki nzima. Aliitunga kwa nia njema, wasichana waanze upya, na kwa miaka kumi na moja aliionea fahari. Mpaka juzi Alhamisi, alipokuja Rodia wa darasa la tano kuuliza kwa sauti ndogo kama mama yake hajafika, maana aliahidi kuja mahindi yakishavunwa. Mama yako anakuitaje, Mwalimu akauliza. Rodia akatupa jicho upande wa jikoni, kwenye masufuria. Sema, sitakuadhibu. Asende, akasema Rodia. Mwalimu alitembea muda wa saa tatu kwenye jua akimfuata yule mama, asimpate. Watu wa njiani walimwambia mwanamke kama huyo alipita analia, akisema mwanawe amekufa na walimu wanaficha kaburi. Rodia hajaambiwa neno.

Kengele inagongwa. Kengele ya Lusenga ni rimu kuukuu ya lori iliyoning'inizwa mtini, na hugongwa mara kumi, basi. Leo inagongwa na haikomi, na mlio wake unarefuka, unarefuka, mpaka unakuwa barabara, na Mwalimu Priska anainuka kitini, anatoka ofisini, anaikanyaga. Barabara iliyokuwa moja imekuwa mbili. Zote zinashuka kuelekea mtoni, na zote, akizifuata kwa macho, zinazunguka kilima na kurudi pale pale mlangoni kwake. Anachagua ya kushoto kwa sababu ina nyayo, nyayo za mtu aliyekwenda peku akikokota mguu mmoja kwa uchovu. Anajua ni za nani. Anasema moyoni, nitamfikia, nitamwambia mwanao yu hai, anakula, hesabu anazijua, njoo umwone. Anaongeza mwendo, na kila akiongeza mwendo nyayo zinazidi kuwa mbichi, lakini aliyezikanyaga haonekani, halafu nyayo zinageuka, vidole vinamtazama yeye, na Mwalimu hajui tena kama anamfuata mtu au anapishana naye. Kwenye njia panda mtu ameketi nyuma ya meza. Meza ni ile ya ofisini, ina doa lile lile la wino, ila mtu huyo hana uso. Mahali pa uso pamefutika kama ubao baada ya somo, chaki imebaki kidogo pembeni. Shikamoo, anasema Mwalimu, maana ugenini ni adabu. Hapati marahaba. Jina lako nani? Priska Mbaga, mwalimu wa Lusenga. Mtu yule analamba kidole, ingawa hana mdomo wa kulambia, anafungua daftari, anashuka na majina kutoka juu mpaka chini, hana haraka. Hapa hakuna mtu wa jina hilo, anasema. Mwalimu anasema, lakini mimi huyu nimesimama mbele yako. Asiye na uso anajibu, namwona aliyesimama, simwoni aliyeandikwa, wawili hao nimwamini yupi? Mwamini aliyesimama, anasema Mwalimu, na hapo hapo uso wake unawaka, kwa sababu Jumanne yeye aliamini daftari. Anauliza taratibu, amepita hapa mwanamke mwenye kifurushi? Amepita. Amekwenda wapi? Amekwenda alikotolewa mtoto. Huko ni wapi? Wewe ndiye uliyemtoa, mbona unaniuliza mimi.

Anapiga hatua kuvuka meza, meza haipo, yuko mjini. Ni mji wa shule tupu. Kila nyumba ni Lusenga, na kila Lusenga inatazamana na Lusenga nyingine, bati kwa bati, dirisha kwa dirisha, na maandishi ya mbao za upande mmoja yanasomeka kinyume upande wa pili, kwa hiyo somo lile lile linaanza na kumalizika kwa pamoja. Uani wasichana wanasugua masufuria, mamia kwa mamia, hakuna anayeongea. Kila mmoja ana jina lililoshonwa kifuani kwa uzi mwekundu. Mwalimu anapata nafuu, maana haya majina anayajua, yeye ndiye aliyeyagawa. Anaita, Rodia. Wanasimama arobaini. Anawapitia mmoja mmoja akiwatazama, na kila anayemkaribia uzi unajifumua kifuani na kujishona upya, huyu sasa ni Tabitha, huyu Sara, na Rodia amehamia kwa mwingine kule nyuma. Nani kati yenu ana mama aliyekuja Jumanne? Wote wanainua mikono. Nani kati yenu hakuambiwa? Wote wanainua mikono. Anataka kusema samahani, lakini anachosikia kikitoka kinywani mwake ni amri ya kila asubuhi, nyosheni mstari, na wale watoto wananyosha mstari, mzuri kabisa, umeanzia miguuni pake unakwenda mpaka usikoonekana, na huko mwisho, mbali, anaona mgongo wa mwanamke mwenye kifurushi cha jani la mgomba. Anakimbia pembeni mwa mstari. Anakimbia na mwanamke anatembea tu, na bado hamfikii. Inabidi amwite. Anafungua mdomo ndipo anapogundua kwamba hana la kumwita. Hakumuuliza jina lake. Mtu ametembea kwa miguu mpaka mlangoni kwake na hakumuuliza jina, wala hakumpa kiti, wala maji. Anaita basi, mama, mama. Wanawake wote walioko barabarani wanageuka, na barabara imejaa wanawake, na hakuna hata mmoja mwenye uso.

Mstari unaishia mtoni. Mto huu Mwalimu anaufahamu na haufahamu. Una mawe ya mto wa Lusenga, lakini ukingo wa pili ni milima ya Upare, ile ya Mbaga kwao, yenye migomba na moshi wa asubuhi, ingawa hapa ni mchana, au labda hapa ni asubuhi na kule ni mchana. Darajani yupo tena yule asiye na uso, ama ndugu yake, utawatofautishaje. Mwanamke mwenye kifurushi amekwisha kuvuka, anaonekana akipanda mlima wa ng'ambo. Naomba nipite, anasema Mwalimu, nina neno moja tu la kumwambia yule. Sema mama yako alikuitaje kabla hujaandikwa, anaambiwa, upite. Kumbe ni hilo tu. Mwalimu anacheka kidogo, anafungua mdomo, na jina halipo. Analitafuta. Anaona jiko la kwao, chungu cha makande, kuku mwekundu mlangoni. Anamwona mama yake amesimama juu ya shamba na jembe begani, mkono mmoja kinywani, anaita, mdomo unafunguka na kufumbika, sauti haitoki. Anaona kanisa siku alipobatizwa, ana miaka tisa, na mzungu mwenye ndevu nyekundu akisema kuanzia leo huyu ni Priska, na mama yake benchi la nyuma akijifundisha kulitamka kimya kimya, ulimi ukimkwama. Hakulizoea kamwe. Binti alipoanza kufundisha, mama akaona afadhali amwite Mwalimu, kama watu wengine wote. Na alipofariki, Priska yuko huku ng'ambo ya ziwa, barua ya kaka yake ilifika baada ya arobaini kupita, ina mistari minne, na mstari mmoja ulisema, mama alikuita siku mbili mfululizo. Haikusema alimwita kwa jina gani. Hilo ndilo linalomuuma, limemuuma miaka sita na hajawahi kumwambia mtu: kama aliitwa Priska, basi mama alikufa akihangaika na neno lisilotamkika kinywani mwake, na kama aliitwa lile lingine, basi pale nyumbani hakuwepo mtu wa kuitika. Sikumbuki, anasema. Asiye na uso anafunga daftari bila hasira. Yule mama alifika hapa akasema lake akavuka, anasema, wewe unatembea na ulichopewa, nacho hakivuki. Nifanye nini basi? Rudi ulikoitwa. Nimeitwa wapi? Daraja linaanza kulia kama chuma kinachogongwa, mara moja, mara mbili, mara tatu.

Kumi. Mwalimu Priska yuko kitini, nguo zimelowa jasho, daftari mapajani. Mlangoni amesimama mwanamke, miguu imejaa vumbi jekundu mpaka magotini, mkononi ana kifurushi cha jani la mgomba. Anasema, niko natafuta mutoto wangu, mama, jina yake Asende, waliniambia iko hapa kwenu anasoma. Mwalimu anamtazama. Anatazama kifurushi, jani ni bichi kama limekatwa leo. Anatafuta karatasi za mtihani mezani, na mezani zipo, za Jumanne, au ni za wiki nyingine, karatasi za mtihani zinafanana zote. Leo ni siku gani, anauliza. Mwanamke anatabasamu kwa haya. Siku ndio ninyi mwenye kengele munazijua, mama. Ulishawahi kufika hapa? Miye nimetembea siku tano, anasema mwanamke, kama nilishafika, miguu haijaniambia. Basi ndiyo au siyo, Mwalimu anataka kujua, halafu anaona hana haja ya kujua. Mkono wake umekwisha kwenda wenyewe kinywani kulamba kidole. Anaurudisha chini. Anafunga daftari na kuliweka sakafuni, anainuka akishikilia meza, anavuta kiti chake mwenyewe mpaka mbele ya mgeni, anamimina maji kikombeni. Kwanza nisamehe, anasema, kwa leo au kwa siku nyingine. Halafu niambie jina lako. Mwanamke anakunywa maji yote, anasema anaitwa Nalwindi. Mama Nalwindi, mwanao yu hai. Mwanamke anaweka kikombe chini polepole sana na kujishika magoti.

Wanatoka pamoja mpaka katikati ya uwanja. Madarasa matano yanasoma kwa sauti, kila darasa na lake. Mwite, anasema Mwalimu. Mama Nalwindi anaona aibu, anauliza kwa kunong'ona kama shuleni wanaruhusu kupaza sauti. Mwite unavyomwita kwenu. Basi mwanamke anaweka kifurushi chini, anaweka mkono pembeni mwa kinywa, anaita Asende kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka shambani, anaivuta ile e ya katikati mpaka inagonga kilima na kurudi. Madarasa yote yananyamaza. Mwalimu anahisi ardhi ikitaka kuwa barabara tena, anajikaza, anaomba hata kama hii ni ndoto wamwachie mpaka mtoto atoke. Benchi linaanguka. Rodia anatokea mlango wa darasa la tano anakimbia, kiatu kimoja kimemvuka, anaita yoo mama, na mama yake anapiga magoti vumbini na kumpokea kwa uzito wote. Wasichana wamejazana milangoni. Wanatazamana, wanamtazama Mwalimu, na yeye hatamki lolote kuhusu masufuria, mpaka mmoja anajaribu kwa woga kumwita mwenzake jina fulani la kwao, na mwenzake anaitika, na wa tatu anacheka, na uwanja mzima unajaa majina ambayo Mwalimu hajawahi kuyasikia. Machozi yanamtoka na hayafuti.

Hapo ndipo anaposikia, nyuma yake, juu kidogo, upande ambao Lusenga hakuna shamba wala mlima, mtu anaita. Nakijwa. Sauti imevutwa vile vile, ya mtu mwenye jembe begani. Nakijwa we. Anajua akigeuka huenda akaamka kitini, au huenda hajawahi kukaa kwenye kiti hicho, bado ana miaka minane na makande yako tayari. Rimu inaanza kugongwa tena. Asende na mama yake wamekaa chini uwanjani wanafungua jani la mgomba. Mwalimu anawatazama mara moja, anavuta pumzi, na kabla ya kugeuka anaitika kwa nguvu zake zote, asije akachelewa safari hii pia, Abee, mama.