Mstari Ulionyooka Mno

Mtaalamu wa misitu hakuwa mwepesi wa kuamini. Wenyeji walishikilia kwamba msitu ule, katikati ya bustani ya umma, ulikuwapo kabla ya jiji lenyewe. Yeye alijua kwamba simulizi hujiongezea umri ili ziheshimiwe. Halmashauri ilimtuma akate shauri: ukiwa wa asili, utahifadhiwa, ukiwa umepandwa na watu, barabara mpya itapita humo.

Jibu alilipata mapema. Miti minene kuliko yote ilisimama katika mstari mmoja, ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi.

"Imepandwa," alimwambia mlinzi wa bustani, mume wa dada yake. "Msitu haujui rula, shemeji."

"Hata hujapima! Dada yako alinitisha kwamba unakuja na mashine. Kumbe umekuja na mdomo."

"Mdomo unatosha. Lakini nitapima, usije ukanisema mezani."

Alisimamisha kekee ya udongo, chuma cha kutobolea ardhi, katikati ya miti miwili, akaikandamiza. Ikazama ghafla hadi mpinioni, kana kwamba chini hapakuwa na ardhi.

Akapiga magoti, akafukua majani makavu. Mizizi ilipinda kama mbavu, na kati yake palikuwa na uwazi. Akawasha tochi, akaingia kwa kutambaa.

Lilikuwa handaki la mviringo kama bomba, likipita chini ya mti mmoja hadi mwingine bila kukengeuka. Kuta zake zilikuwa mizizi mitupu, na upande wa ndani wa mizizi ile ulikuwa na chapa ya magome ya mti ambao haukuwapo. Mwishoni alikuta kipande cheusi cha gogo. Alipokigusa kikawa vumbi.

Hapo ndipo alipoelewa. Jitu la mti lilianguka. Mbegu zikaota mgongoni mwake, zikateremsha mizizi ubavu huu na huu. Gogo likaoza taratibu, na watoto wakabaki wamekumbatia umbo la mama yao. Mstari ule haukuchorwa na mkono wa mtu. Wala jiji halikuwa na jengo lenye umri wa kukaribia hata mti mdogo kuliko yote katika mstari huo, sembuse ule uliokwisha kuwa hewa.

Alilijua neno la kitaalamu la jambo hilo. Hakulitamka.

"Shemeji! Umemezwa? Nimwambie nini dada yako?"

"Mwambie nitachelewa."

"Na barabara?"

"Itapita kwingine. Nitaandika hivyo." Akamulika njia kwa tochi. "Ingia uone. Ila vua kofia."

"Itanasa kwenye mizizi?"

"Haitanasa. Ivue tu."