Mafuta Niliyomnyima Venanti

Nimeuza mawese Kasulu miaka kumi na minne, na mdomo wangu sokoni wanaujua. Basi niacheni niseme mwenyewe, kabla hamjasimuliwa na wengine.

Mwaka sabini na sita surua ilimkamata Venanti, mtoto wa binti yangu Immakulata, umri miaka mitatu na nusu. Mimi ndiye niliyemuuguza. Kwetu mwenye surua halishwi mafuta. Mama yangu alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na mama yake. Siku moja Immakulata alichovya kidole kwenye debe amlambishe mwanawe, nikamchapa mkono. "Unataka kumuua?" Wiki tatu mtoto alikula uji mtupu, na debe la mawese liko pale pale karibu na kichwa chake.

Surua ikapoa. Lakini kila jua likizama Venanti akawa anajigonga vizingitini, nami nikasema ni utundu tu. Mpaka asubuhi moja akaamka jicho la kushoto jeupe. Nikambeba mgongoni hadi zahanati, nalia njia nzima.

Mganga wa pale, Bwana Isihaka, alikuwa ametoka semina ya macho wiki ile ile. Alimulika jicho la kushoto. Akamulika la kulia.

"Mama, huyu anakula mawese?"

"Mawese! Mgonjwa wa surua? Bwana mganga, mimi si mpumbavu."

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alisema wataalamu wamewachunguza watoto wanaopofuka baada ya surua, wakaona ugonjwa ule unamaliza vitamini A mwilini, na ikikosekana jicho hulainika, hata kupasuka. Akakata kidonge cha mafuta, akammiminia Venanti mdomoni.

"Hiki cha leo, kingine kesho. Halafu mpe mawese kila siku, yale mekundu yasiyochomwa. Yana vitamini hiyo hiyo. La kulia huenda tukaliwahi. La kushoto limekwenda, mama yangu. Pole."

Mama wee! Mbona sikufa pale pale? Majuto ni mjukuu, watu husema. Yote hayo nilimwambia Immakulata mimi mwenyewe, uso kwa uso. Hakunitukana. Alichukua kijiko akaanza kumlisha mwanawe, na siku nyingi hakuniangalia.

Jicho la kulia likapona.

Miezi miwili baadaye Esteri wa Nyakitonto, mteja wangu wa siku zote, alisimama mbele ya meza yangu mikono mitupu.

"Leo nakusalimia tu, Theodosia. Mafuta sinunui, mtoto ana surua."

Wauza mboga wote walikuwa wanasikiliza. Ningeweza kunyamaza, nani angejua? Nikamvuta Venanti kutoka nyuma yangu, nikamgeuzia Esteri uso wake.

"Mwangalie vizuri," nikasema. "Hakulogwa. Jicho hili nimelitoa mimi, bibi yake, kwa kumnyima mafuta. Mpeleke wako kwa Isihaka leo hii, na mawese umpe."

Esteri akaenda kuazima chupa ya kutilia mawese.