Jumapili ya Dada Ishbel

Mvua ilizinyeshea motokaa zetu zote malishoni kwa Mchungaji MacAskill, na hakuna dereva aliyeruhusiwa kufunika yake hata kwa gunia. Ilikuwa amri ya dada yangu, Ishbel.

Yeye ndiye aliyepanga safari ile ya kuvuka milima ya Uskoti, ya kupima uvumilivu wa magari, si mbio. Masika yote alizunguka kwa baiskeli akichagua miinuko na kuwabembeleza wauza dawa, ambao enzi hizo ndio waliouza petroli, watuwekee akiba. Wakubwa wa chama cha motokaa walishamwambia waziwazi: jambo moja likiharibika, mwakani kazi anapewa mwanamume.

Na likaharibika. Wakubwa haohao, watu wa London, walisogeza tarehe bila kumwuliza, na siku ya kupita bonde la Glen Arrad ikaangukia Jumapili. Jamani! Kwetu Jumapili hata nguo hazianikwi. Mchungaji wa huko akatuma neno kwamba waumini wake watakaa barabarani kutuzuia, mabibi vizee mbele.

Tulimwendea, mimi na Ishbel.

"Amri ya Mungu unaijua, binti yangu," alisema hata kabla hatujaketi.

"Naijua, Mchungaji. Basi magari yatalala malishoni kwako Jumamosi, yaondoke Jumatatu. Hakuna atakayeyagusa."

"Hata kuyafuta?"

"Kufuta nako si kazi?"

Mzee akaangua kicheko. "Ungekuwa mwanamume, ningekufanya mzee wa kanisa."

"Wanaume ndio waliosahau Jumapili, Mchungaji."

Wenye viwanda vya magari walikuja juu. Mimi pia, maana niliendesha gari la kiwanda kimoja na nilitaka ushindi.

"Dada, unatumaliza! Zikilowa hivyo, Jumatatu hazitawaka."

"Mnunuzi wako gari ataliweka wapi, Dugald? Kitandani? Gari lisiloweza kulala nje likaamka, la nini?"

 Wengine wangeomba radhi na kubadili njia. Yeye aliichukua Jumapili akaifanya mtihani mgumu kuliko kilima chochote. Hadi leo namvulia kofia.

Jumatatu kijiji kizima kilijaa malishoni. Gari moja likakohoa, likawaka. Na jingine, na jingine. Mabibi walewale wakapiga makofi, na bwana mkubwa wa London akawa anatabasamu kana kwamba wazo lilikuwa lake. Langu likagoma. Nilizungusha hendeli ya kuwashia mpaka viganja vikachubuka, huku Ishbel amesimama kando yangu na saa mkononi akipima muda wa kuwasha, kama alivyosimama kwa wenzangu. Nilimtazama. Alijua naomba nini.

"Muda umekwisha, Dugald," alisema taratibu, akaniandikia kosa. Macho yake yalikuwa yamelowa, na mvua ilishakatika.

Mwaka uliofuata alipanga njia tena, na magari yakalala nje tena.

Lakini asubuhi ile nilibaki nimeinamia boneti kwa aibu, mpaka nikasikia mtu nyuma yangu akivua koti. Alikuwa Mchungaji.

"Panda ushike usukani, kijana," alisema, akaweka mabega kwenye gari. "Leo ni Jumatatu."