Sanda Mbili za Makka

Mikdad aliponiamkia barazani na kofia mkononi, nilijua kaleta jambo. Huyu ni mdogo wake Mrisho aliyekuwa mume wangu, na ndiye aliyeniletea karatasi ya talaka miaka sita iliyopita. Mguu wake haujawahi kuniletea heri.

"Shemeji, kaka katutoka alfajiri, kule Miono. Tunazika baada ya alasiri. Kausia azikwe kwa sanda yake ya Makka. Alisema unayo wewe."

Nikasema, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," nikaingia ndani haraka nisilie mbele yake.

Mrisho alipokwenda hija, nauli ilitosha mtu mmoja. Wenzake walirudi na mazulia na saa za ukutani. Yeye akaniletea sanda mbili, yake vipande vitatu, yangu vitano, kama wanavyovikwa wanaume na wanawake. Alizilowesha zamzam mwenyewe. Alinieleza kwamba kukamua kitambaa kirefu vile kunataka watu wawili, basi akamwomba hujaji mmoja ashike upande wa pili, na muda wote akatamani mikono ile iwe yangu. "Na kaburini tutavaa jora moja, Mwanahija," akasema. Mwanamke gani analetewa sanda akacheka kwa furaha? Mimi nilicheka. Kisha akamwona Hafidha wa Miono, nami nikabaki na sanduku.

Sasa nililifungua nikijua anachotaka Mikdad hakimo. Mwaka ule ule wa talaka bahari ilitupa maiti ya mtu asiyejulikana, msikiti ukaomba sanda, nikatoa ya Mrisho. Watu walisema nina moyo. Mungu anajua ilikuwa hasira tupu, na hasira hasara.

Ningeweza kumwambia Mikdad ukweli. Sanda zinauzwa Miono, na Mrisho angezikwa kama wengine. Nilitaka hasa kumwambia. Lakini nilipoishika sanda yangu nikaikumbuka ile hadithi ya kukamua, nikaona nampenda bado, mjinga mimi. Nikatoa shuka zangu mbili za kuzungushia, na ile ya kiunoni ingawa fupi kidogo. Vikatimia vitatu. Nilizikunja peke yangu, pembe moja nimeibana kwa kidevu. Nikabakiwa na kanzu na ushungi.

"Na yako ipo, shemeji?" Mikdad aliuliza alipopokea.

"Ipo. Nenda, msimcheleweshe."

Akaondoka na pikipiki yake. Hafidha atakaa eda, atapikiwa, atapewa pole na watu wa mbali. Mimi mtalaka sina eda wala matanga. Nilikaa barazani pale pale mpaka ikaadhiniwa alasiri, nikajua sasa wanambeba.

Jirani yangu Mwanabaraka alipita, akauliza Mikdad alifuata nini.

"Nimefiwa na mume wangu," nikasema.

Alinitazama kidogo, hakunisahihisha. Akanipa pole, akawahi chungu chake jikoni. Nami nikarudi ndani kufunga sanduku.