Kipande cha Nta

Jumanne, tarehe kumi na nne Oktoba 1997, Naliaka alisukuma sahani ya ugali, akashika tumbo, akamwambia mumewe Ouma, "Baba Perez, kimerudi."

Siku hiyo ndiyo mambo yalipoharibika. Tangu apasuliwe utumbo katika hospitali moja ya Thika alikuwa amenenepa tena, anauza nyanya zake sokoni Gatongora kama kawaida. Daktari Githinji alikuwa amesema kwa kinywa chake kwamba kansa imetoka yote. Kufikia Pasaka, Ouma alikuwa amemzika mkewe nyumbani Ugenya.

Tangu hapo hakuamini tena mtu wa koti jeupe. Wakubwa wa hospitali na wakubwa wa serikali, kwake wote walikuwa ukoo mmoja. Kilichomkereketa zaidi ni jirani yake Wilkister, muuza dagaa wa omena, aliyepasuliwa wiki ileile, kwa kisu kilekile, ugonjwa uleule. Wilkister alikuwa hai, anacheka sokoni mpaka mashavu yanatikisika. Lazima kuna aliyepewa dawa na aliyepewa maji.

Halafu siku moja Wilkister akamwambia, akipima omena, "Shemeji, kwani hujui? Zile nyama walizotukata waliziweka. Yangu iko, ya Mama Perez pia iko."

Ouma hakulala. Kwao mtu hazikwi nusu. Na wanaiweka ya nini?

Akaenda Thika na binti yake Perez, fundi wa cherehani pale Ruiru.

"Nataka nyama ya mke wangu," alimwambia Githinji, hata salamu hakutoa.

Daktari akaleta kipande cha nta, kidogo kama sabuni inayokaribia kuisha. Katikati kulikuwa na doa la kijivu, ile nyama yenyewe.

"Hii ndiyo mke wangu? Unanicheza, daktari."

"Ni yeye, mzee. Nilitoa yote niliyoona. Lakini kansa hazina tabia moja. Ile ya Wilkister ilikaa palepale. Hii iliharibika mpaka ndani kabisa, kwenye zile mbegu zinazoiambia nyama ikue ama iache. Chembe zake zilitorokea kwa ini kabla sijashika kisu."

"Kwa hivyo kosa ni la nyama. Mikono yako ni misafi kama ya Pilato."

Githinji akamgeukia Perez. "Kuna mtu mwingine kwa kina mama yako aliugua tumbo?"

"Mjomba. Alikufa kabla ya kufika arobaini."

"Huyo alirogwa," Ouma akasema.

Daktari akaeleza polepole. Kuna uharibifu unaoanzia kwenye uvimbe na kuishia humo. Kuna mwingine ambao mtu huzaliwa nao, na watoto wakaurithi. Hapa hakukuwa na mashine ya kuutofautisha. Alitaka kuituma nta ng'ambo. Ikiwa ni wa kurithi, Perez angechunguzwa utumbo mapema, kabla ya kuumwa.

"Ukienda kuizika, mzee, hatutajua."

"Ili mkaiuze huko kwa wazungu," Ouma akasema. Akaifunga nta ndani ya leso ya marehemu, akasimama.

Perez hakusimama. "Baba, mama ameshazikwa. Mimi bado."

Ouma akaifungua leso, akatoa ufunguo wa nyumba mfukoni, akakwaruza herufi N pembeni mwa nta, mbali na lile doa. Wakimrudishia nyingine, atajua. Kisha akaiweka mezani.

Githinji alihamishwa mwaka uliofuata. Kila Ouma akienda kuuliza dirishani anaambiwa majibu hayajarudi, na kila aliye dirishani ni mgeni. Kule Ugenya kaburi limepigwa simiti, isipokuwa shimo dogo upande wa kichwa, linaloingoja nta.

Na Perez akishika tumbo mezani, Ouma huacha kula, akamwangalia.

"Ni njaa tu, baba."

Kile kitu kilikuwa cha Naliaka peke yake, ama alimwachia mtoto?