Ziwa la Kushoto

Siku Mohamadi alipomburuta Mwalimu Maurice kwa ukosi wa shati hadi barabarani, mama yake alikuwa uani anatwanga pondu, majani ya muhogo, na hakuacha kutwanga. Alisikia mayowe, akasikia sahani zikivunjika, akamsikia mke wa mwalimu akiwaita majirani kwa majina, mmoja baada ya mwingine, jina lake Kadidja likiwamo. Akaongeza majani kinuni. Ya watu ni ya watu, alijiambia, na anayejitia katika ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji hurudi kwake amevimba uso. Tena aliyekuwa akipiga ni mwanawe, na jioni ile mwanawe alileta samaki mkubwa.

Tuseme ukweli: Kabondo nzima, mtaa wetu wa Kisangani, hakuna aliyelia wageni walipoanza kuja. Walikuja wakiifuata dhahabu. Walikuwamo wanunuzi na mizani zao, wenye mashine za kufyonza mchanga mtoni, wenye mbao, na nyuma yao watu wa miradi na magari yao meupe. Wote walitaka nyumba ya saruji yenye lango. Mgeni njoo, mwenyeji apone, watu walisema, wakapaka kuta chokaa. Na wenyeji walipona kweli, ilimradi walikuwa na nyumba. Waliougua ni wapangaji. Walimu, wauguzi, wauza chumvi, wote waliambiwa watoke, na aliyechelewa alitumiwa Mohamadi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Zamani alibeba abiria kwa toleka, anakanyaga baiskeli jua kali mpaka mapaja yanatetemeka. Sasa wenye nyumba walimwita commissionnaire. Mgeni akitaka nyumba, Mohamadi aliipata, na kama ina watu, aliwatoa. Alikuwa na vijana wawili wenye mikono minene, na mbinu yao ilikuwa moja tu: kuezua. Unapanda ngazi, unang'oa mabati, mvua ya Kisangani inamaliza mengine. Mwenye kubisha alivunjwa mkono. Na mama mtu alikula samaki, simsingizii.

Lakini nyumba ya mbele katika parcelle ya Kadidja, kiwanja chenye nyumba mbili, ilikuwa habari nyingine. Aliijenga marehemu mumewe, Jafari, seremala, Mwislamu wa ukoo wa zamani wa mjini. Mjane mwenyewe alikaa nyumba ndogo ya nyuma, na mbele alipangisha kwa Papa Kataliko, mfanyabiashara wa Kinande kutoka Butembo, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, na mwanawe Ezéchiel. Mtu akimuuliza Kadidja ana watoto wangapi, alijibu bila kufikiri: "Mbili. Moja ya tumbo, moja ya ziwa."

Jibu hilo lilitoka katika vita vya siku sita hapa mjini. Majeshi mawili ya nchi za watu yalikuja kupigania mji usio wao, na mabomu yakaanguka juu ya nyumba za watu wasiohusika. Papa Kataliko, mkewe Victoire na kichanga chao walijificha chini ya kitanda cha Kadidja. Kiu ilipozidi, Victoire alitoka kuchota maji. Walimkuta karibu na pipa, tumbo liko wazi, na bado anasema. Alikuwa akisema neno moja tu: mtoto. Kadidja, aliyekuwa akimnyonyesha Mohamadi, alimwapia palepale, magoti yake ndani ya damu ya mwenzake: "Hatatoka kwangu." Akampa Mohamadi ziwa la kulia na Ezéchiel la kushoto, na hakuwabadilisha mpaka walipoachishwa. Kwa dini yake, undugu wa namna hiyo haufutiki. Hata walipoota ndevu walikula wakiwa wamekaa vivyo hivyo, wa tumbo kuliani kwake, wa ziwa kushotoni.

Basi asubuhi moja Mohamadi aliingia uani, na hata kukaa hakukaa.

"Mama, kuko muzungu moja ya projet, mutu muzuri. Anataka nyumba ya mbele. Papa Kataliko atoke mwezi hii."

"Bale batu ni batu yangu."

"Ni balocataire, mama. Bapangaji tu."

"Ezéchiel ni ndugu yako. Mulinyonya ziwa moja!"

Mohamadi akacheka. "Moja namna gani? Yeye alikuwa na lake, miye na langu. Bon, na maziwa hailipe kitu. Angalia Mama Ramla: alitosha ule mwalimu mu nyumba, leo iko na groupe ya umeme, iko na frigo. Weye unatwanga pondu na mukono."

Kadidja alimchapa kofi ambalo Mama Ramla mwenyewe alilisikia ng'ambo ya ua. Mohamadi akalamba damu mdomoni, akamtazama mama yake kwa utulivu, kama alivyowatazama wapangaji wa watu.

"Alors, nitawatosha miye mwenyewe," alisema.

Kesho yake walikuja kung'oa mlango wa mbele. Papa Kataliko alijaribu kuushika, akapigwa teke la mbavu, mzee mzima, akaanguka juu ya viatu vyake vya misa. Ezéchiel aliporudi kutoka dukani na kumkuta baba yake sakafuni, aliufuata mlango ule kibandani kwa Mohamadi. Walipigana katikati ya barabara, watu wakishangilia, hadi shati la mmoja likabaki mkononi mwa mwingine. Ezéchiel akarudi amebeba mlango kichwani, jino moja limepungua. Akaupigilia misumari.

Kadidja alimwosha mdomo kwa maji ya chumvi.

"Atarudia, mama," Ezéchiel alisema.

"Arudie. Miye niko hapa. Nilimuapia mama yako."

"Na akirudia na panga?"

"Donc apite kwanza juu yangu."

Hakuwa akidanganya. Alimchukia Mohamadi siku zile, chuki ya kweli kabisa, ile ya mzazi kumtazama mtoto na kujutia uchungu aliomzalia. Alimnyima chakula. Aliwakataza majirani kumwita Mama Mohamadi. Mbele ya nyumba ile alitandika mkeka akala na wapangaji wake, kila mpita njia aone. Mmoja aliyepita alikuwa mke wa Mwalimu Maurice, ndoo kichwani, akitoka walikohamia, mbali huko kwenye barabara ya Masako.

"Leo imefika kwako, mama," alisema yule mwanamke, wala hakusimama.

Kadidja akageukia sahani, akammegea Ezéchiel fufu kama mtoto mdogo.

Jumamosi ndiyo siku aliyotarajiwa mgeni kuja kuitazama nyumba. Kadidja alikuwa nyuma, kinuni kwake, aliposikia misumari ikilia. Akazunguka ukuta mbio, mchi mkononi, maana hakukumbuka kuuweka.

Mohamadi alikuwa juu ya paa, panga kiunoni, na vijana wake wawili kwenye ngazi. Bati la kwanza lilishuka likakata mgomba katikati. La pili liliangukia ndani, juu ya kitanda alicholalia Papa Kataliko na mbavu zake zilizofungwa kitambaa. Mzee akatoa sauti ambayo Kadidja hakuwa ameisikia tangu siku ya Victoire.

"Shuka, mbwa weye!" Kadidja alipiga kelele. "Shuka, nikuue!"

"Ondoka hapo, mama, tôle itakukata!"

Ezéchiel alikuja kutoka barabarani bila kupunguza mwendo. Kijana wa kwanza alivutwa mguu, akaanguka kutoka ngazini na goti likakunjika upande lisikotakiwa kukunjika. Wa pili alimwona usoni akakimbia. Ezéchiel akapanda. Juu ya boriti, angani, watoto wawili wa Kadidja wakakamatana, na panga la Mohamadi likashuka likampasua Ezéchiel bega mpaka mfupa ukaonekana. Hakumwachia. Wakaanguka pamoja, wakagonga ukuta, wakatua topeni, na panga likarukia kwenye migomba.

Ezéchiel ndiye aliyewahi kuinuka. Alimkalia Mohamadi kifuani akampiga ngumi, akampiga tena, damu ya bega lake ikimwagikia yule wa chini machoni. Kisha mkono wake ukaikuta nyundo ya kung'olea misumari. Alimpiga nayo Mohamadi mdomoni, na meno yakatoka.

"Hii ya papa," alisema. Akaiinua tena, juu zaidi.

Moyoni Kadidja alikuwa upande wa Ezéchiel, hata saa hiyo. Alikimbia ili amshike mkono tu, baadaye aliapa hivyo kwa kila mtu. Lakini pale chini palikuwa na uso aliouzaa yeye, hauna tena umbo, unatoa povu jekundu na kumwita mama. Mchi ukashuka. Ulimpata Ezéchiel kwenye kiwiko, mfupa ukakatika kama kuni kavu, na nyundo ikaanguka.

Hapo mambo yalikuwa yamekwisha. Mkono umevunjika, nyundo iko topeni, hakuna tena wa kuua wala wa kuuawa. Ezéchiel aligeuka kuona nani amempiga.

"Mama," alisema, "ni miye."

Kadidja akauinua mchi mara ya pili, akampiga nao kichwani.

Watu wa Kabondo si wagumu wa moyo. Pigo la kwanza walimsamehe palepale, kwani uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na nani angesimama kutazama wake akipondwa kwa nyundo? La pili hakuna aliyetaka kulizungumza, wala wale waliokuwa wamepanda ukuta ili waone vizuri. Damu ni nzito kuliko maji, wamesema wahenga. Kuhusu maziwa walinyamaza.

Ndipo gari jeupe lilipoingia. Mgeni, kijana mwembamba mwenye miwani, alishuka na pakiti ya biskuti za kumzawadia mwenye nyumba. Aliona paa lililochanika, akaona waliolala topeni na mwanamke aliyesimama juu yao na mchi wenye nywele. Biskuti zikamtoka mkononi. Lakini hakukimbia, na hilo lazima lisemwe. Alivua shati lake akamfunga Ezéchiel kichwa, akawapakia wote garini, Papa Kataliko akapandishwa mbele akiugulia maumivu. Njiani aliuliza kwa Kifaransa kama ni majambazi waliofanya vile.

Kadidja alikaa nyuma, kichwa cha mmoja kwenye paja hili na cha mwingine kwenye paja lile. Kitenge chake kiliroa damu mpaka kikamganda mwilini. Alikuwa akimwomba Ezéchiel afumbue macho. Aliomba kwa Kiswahili, aliomba kwa Kiarabu cha sala, alimwita kwa jina la utotoni. Ezéchiel aliyafumbua mara moja, akamtazama, kisha akakitoa kichwa chake pajani mwake, polepole, kwa shida kubwa, akakilaza kwenye chuma cha gari.

Hospitalini walimshona Mohamadi kwanza, kwa kuwa alipiga kelele zaidi. Wakamtoa nje amefungwa uso wote isipokuwa jicho moja, akakaa kwenye benchi ya ukumbini na simu yake. Papa Kataliko alikaa benchi ya ng'ambo, mkono ubavuni, rozari mkononi mwingine. Kadidja hakukaa popote. Mchana ukaenda.

Muuguzi akafungua mlango.

"Ule Ezéchiel ameamuka. Ataingia mutu moja tu. Mama yake ni nani hapa?"

Kadidja alikuwa amekwisha kupiga hatua. Siku za surua alikuwa yeye, siku za malaria alikuwa yeye, siku ya kuvunjika mguu kwenye mpira alikuwa yeye. Katika maisha yake yote, Ezéchiel hakuwahi kuitiwa mama akasimama mtu mwingine. Papa Kataliko aliinua macho, akayarudisha kwenye rozari yake.

Mlango ulikuwa wazi, na kitanda kilikuwa karibu. Ezéchiel alimwona akiingia. Alimtazama kwa jicho lisilovimba, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililomtisha Kadidja kuliko yote ya siku ile.

"Hapana huyu," Ezéchiel alimwambia muuguzi, kwa upole, kama anayemsaidia kurekebisha kosa dogo. "Mama yangu alikufa mu vita. Huyu ni mwenye nyumba."

Muuguzi akaona aibu. "Pardon, mama mwenye nyumba," alisema kwa adabu. "Ungojee inje." Akamwita Papa Kataliko kwa mkono, akamsaidia kuvuka kizingiti, akafunga mlango.

Kadidja alibaki akiutazama mlango ule. Ndani alisikia mzee akilia, kisha akasikia Ezéchiel akimtuliza baba yake. Mwishowe akakaa kwenye benchi. Mohamadi alisogea kumpa nafasi, akawa kuliani kwake. Hakuweza kusema kwa mdomo ule, kwa hiyo alimsogezea simu asome.

Mgeni alikuwa ameandika. Aliwapa pole sana. Alisema nyumba ameipenda, na aliuliza, bila haraka yoyote, wanaokaa humo wangekuwa tayari kuhama lini.

Kadidja alisoma, akarudia kusoma. Alijipangusa uso kwa kitenge, damu ikamshika shavuni.

"Mwambie balishatoka," alisema.