Kandambili Chini ya Ngazi

…basi atasimama, ila si sasa hivi, asubiri ubeti huu uishe, maana ukisimama katikati ya ubeti kanisa zima linageuza shingo, na yeye ni fundi umeme, baba wa watoto, hapendi kugeuziwa shingo, ingawa Jumapili iliyopita aligeuziwa, na ile ya kabla yake pia, na kusema kweli hakuna Jumapili ambayo mchungaji amewaita wanaotaka kutubu waje mbele halafu yeye akabaki kwenye benchi, mpaka siku hizi kiongozi wa kwaya hamalizi pambio kabla hajamwona fundi anasogea, anawapa waimbaji ishara ya kidole, rudieni, rudieni… “Yupo mmoja bado,” anasema mchungaji, kafumba macho, kama vile hamjui ni nani, na mkewe upande wa kushoto ameshavuta mkoba kumpisha, wala hamtazami, mtu ukishazoea unazoea, na upande wa kulia mdogo wake ameketi, mkono wake wa kulia juu ya paja, vile vidole viwili vimejikunja havikunjuki, usiutazame, fundi anajiambia, na hapohapo anautazama, na tayari yuko kwenye ile nyumba yenye geti la bluu, jasho linamtoka mgongoni, fyuzi kiganjani… haikupaswa kuwa kiganjani mwake, baba yao mzazi, fundi pia, alishawakataza tangu wangali wadogo, anayepanda darini ndiye anayepanda na fyuzi mfukoni mwake, wa chini haachiwi, asije akarudisha umeme mwenzake akiwa juu, lakini siku hiyo suruali ya mdogo wake ilikuwa imetoboka mfuko, basi akamwekea mkononi bila neno, bila neno kwa sababu walikuwa wamenuniana, asubuhi ile mdogo wake alikuwa amesema anataka kuanza kuchukua kazi zake mwenyewe, na yeye akamuuliza nani aliyekufundisha kushika bisibisi, wewe, nani, na kutoka hapo kila mtu akafunga mdomo wake, mkubwa na mdogo, wanapokezana koleo kama mabubu… pambio linarudi tena, waimbaji wa alto wamechoka sasa, wanaburuza… na mama mwenye nyumba akaja akasema fundi bado tu, nyama yangu kwenye friji inayeyuka, na yeye akatazama chini ya ngazi, kwa sababu mdogo wake hupanda pekupeku na kuziacha kandambili zake hapo, za njano, ukiziona yuko juu, usipoziona ameshuka, ndivyo walivyofanya kazi miaka yote, na hazikuwepo, mama wa watu alikuwa amepita na ufagio akazisogeza barazani, angejuaje… lakini hata hivyo kulikuwa na neno moja la kuita, umeshuka? tu, basi, na lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, analikumbuka lilivyokaa pale, akalimeza, aanze yeye? yeye mkubwa? akapachika fyuzi, na darini kukasikika kishindo, na sauti ambayo hakuijua kuwa ni ya mtu. Bwana, nisamehe uzembe wangu. Ndivyo anavyoomba kila Jumapili akipiga magoti pale mbele, uzembe, neno linalotamkika mbele za watu, na mchungaji alishamwita pembeni akamwambia kwa upole kwamba ukishatubu imetosha, Mungu hakudai tena, pokea, nenda nyumbani, na yeye akaitikia amina, ingawa msamaha aliopewa ni wa kosa jingine, kama mwenye jino kupewa dawa ya macho, uzembe umesamehewa sawa, na lile neno alilolimeza je, hilo nani amelisamehe ikiwa hakuna anayelijua… haya, ubeti umeisha, asimame, anajivuta mbele, na mkono unatua juu ya goti lake, ule ule, mzito, na mdogo wake ananong’ona bila kugeuka, “Kaa, kaka.” Naye anajibu kwamba moyo unamsukuma, aachwe aende. “Kila ukienda pale mbele, watu wananitazama mimi mkono.” …wananitazama… wanamtazama… hakuwahi kuliwaza hilo, alidhani anabeba mzigo wake mwenyewe, kumbe kila Jumapili anamwanika mwenzake, aibu inampanda mpaka masikioni, anataka kusema hujui yote mdogo wangu, kuna kitu hukijui, na inaelekea amekisema, kwa sababu jibu linakuja. “Najua. Ulikuwa umeninunia, hukutaka kuniita. Nilishakusamehe hilohilo.” Hilohilo. Alijua, basi, akala naye sahani moja akijua, akampakata mwanawe wa mwisho kwa mkono huohuo akijua, na kama mtu tu amejua yote akasamehe, Mungu je, ambaye yeye amekuwa akimpelekea habari nusu kila wiki, kana kwamba siku ile Mungu mwenyewe hakuwepo darini… Bwana, nilimnunia, ilikuwa kiburi, si uzembe, basi limetoka, anangoja kitu, hakuna kitu, benchi ni gumu vilevile na kiatu kinambana, na hofu mpya inaingia, akiiachia hatia si itakuwa kama mkono ule haukuwa kitu, na yeye bila hatia ni nani, miaka yote amekuwa yule anayekwenda mbele… lakini aliyeumizwa ndiye anayemwambia kaa… “Yupo mmoja bado,” anarudia mchungaji, na safari hii amefumbua macho, kiongozi wa kwaya anamkazia fundi macho, kidole juu, mkewe amegeuza magoti pembeni kumpa njia, wote wanangoja, na njia iko wazi mpaka mbele, rahisi kuliko kitu chochote, afadhali aende, mara hii tu, ya mwisho, halafu asirudi tena… pambio linaanza upya, anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa, amesamehewa, anabaki amekaa, hajui mikono yake aiweke wapi.